Siku Tuliyozika Nyasi

Mbamba Bay,
Kitongoji cha mlimani.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku chini ziwani, nikitumaini goti limekupa nafuu na kwamba hatimaye umekubali kupanda bodaboda kwenda hospitali, badala ya kujikongoja na fimbo kama mtu aliye mashindanoni. Mama hajambo? Kahawa zimechanua vizuri? Mimi ni mzima. Cherehani inafanya kazi, sare za shule zimenichosha vidole, na ugali wa muhogo nimeshauzoea, ingawa sitakudanganya kwamba naupenda.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu husikii, na jambo hili sitaki likufikie nusunusu. Ni kuhusu kile kiwanja ulichoninunulia kwa kahawa yako. Baba, sitajenga pale. Hakuna mtu atakayejenga pale. Nakuomba usiikunje barua bado. Soma mpaka mwisho, halafu kama ni kunigombeza, unigombeze ukijua yote.

Nilishakwambia kwamba mwaka jana moto ulishuka mlimani ukaunguza nyumba ya Mama Anjela, yule mjane jirani yangu anayeuza usipa, hawa dagaa wa ziwani. Huku mtu akitaka kulima muhogo anachoma nyasi kwanza, na upepo ukigeuka ndiyo basi tena. Nao watu wanazidi kujenga tangu lami ifike. Ramani ya viwanja ilikuwa imepanda mpaka pale nyasi zinapoanzia, na safu ya juu kabisa ilikuwa ya watu wanne: mimi, Mzee Stivini fundi mitumbwi, na wengine wawili. Tukaitisha kikao kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mdomo wangu unaujua. Nikasimama nikasema safu ya juu iachwe wazi, iwe kinga ya moto kwa nyumba zote za chini. Nilisema vizuri mno, hata mwenyewe nilikuwa najisikiliza.

Mzee Stivini akaniacha nimalize. Kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, kile cha katikati si chako? Anza wewe kukiacha, sisi tutakufuata."

Nilikaa chini. Baba, niliona aibu, na nilikuwa na uchungu. Niliwaza mgongo wako ulivyopinda kwenye mikahawa ile, na jinsi ulivyosema unataka mwanao awe na mlango wake mwenyewe kabla hujafumba macho. Siku tatu nilishona vibaya, suruali moja nikaitia miguu yote ya kushoto. Siku ya nne nilipita kwa Mama Anjela nikamkuta anapika nje, wanawe wamekaa chini ya bati lililoegemezwa kwenye ukuta mweusi wa moshi. Akanikaribisha chakula. Nilikula, nikanawa, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kumwambia cha kwangu nimekiacha. Mzee Stivini hakuyageuka maneno yake, naye akakiacha, na wale wawili wakafuata.

Lakini kuacha wazi peke yake hakutoshi, maana nyasi zinaota. Wenzangu wakasema tuwe tunachoma mapema kila mwaka. Hapo nikacheka. Mimi niliyetoka nyumbani nikiapa sitagusa tena shamba la ngolo, nikajikuta nawafundisha watu wazima ngolo. Nikawaambia kwetu Umatengoni nyasi hazichomwi, zinazikwa. Zinafyekwa kwa nyengo, zinalazwa mirabamiraba kama shuka, zinafukiwa kwa udongo wa katikati. Shimo linabaki kuzuia maji ya mvua, na maharage yanaota juu ya tuta. Wakanitazama kama ninayewauzia dawa.

Mvua za masika zilipokaribia kwisha nilifyeka na kulaza, kisha nikamtuma mjumbe apite nyumba kwa nyumba. Nilimwambia hivi: "Jumamosi asubuhi tunazika nyasi kwenye kiwanja cha Gaudensia, kila nyumba ije na jembe." Sijui neno nyasi lilidondoka kwenye nyumba ya ngapi, ila ujumbe ulioenea mlima mzima ni kwamba Jumamosi kunazikwa kwa Gaudensia.

Baba, walikuja wote. Kwenye vikao vyetu walikuwa wanakuja watu kumi na mbwa wa mwenyekiti. Siku hiyo walikuja hata wasionijua, akina mama wamejitanda khanga, wamebeba kuni na unga, wanaume na majembe begani. Katekista alikuja na kitabu chake mkononi na jembe begani. Wawili walikuwa wameshaanza kulia. Mzee Stivini akavua kofia akaniuliza kwa upole, "Pole sana mama. Marehemu ni nani?"

Nikasema, "Ni nyasi, mzee."

Nikatamani nizikwe pamoja nazo. Aliyeanza kucheka ni Mama Anjela, akacheka mpaka akakaa chini. Katekista akafunga kitabu, akasema, "Basi tuzike. Mimi jembe hili sikulibeba kwa matembezi." Unga ule ulipikwa palepale, na wiki iliyofuata walirudi wenyewe bila kuitwa. Safu nzima ikawa ngolo, toka korongo hadi korongo. Maharage tukavuna, tukagawana kwa sahani.

Mwezi uliopita, mchana wa jua kali, moto ulikuja tena. Ulikuwa mkubwa kuliko wa mwaka jana, na upepo ulikuwa unauleta kwetu. Tulipanga mstari nyuma ya matuta na matawi mabichi na ndoo. Moto ukafika kwenye udongo mtupu, ukatafuta pa kupita ukakosa. Cheche zilizoruka tulizizima kwa matawi. Ukafia pale, baba, kwenye kiwanja chako. Hakuna bati hata moja lililoungua huku chini. Nililia mbele za watu, na sikuona aibu.

Juzi afisa wa ardhi alikuja na ramani. Wananchi wote tulisaini, akaichora ile safu kuwa eneo lisilojengwa kamwe. Akauliza aliandikie jina gani. Kabla sijafungua kinywa, Mzee Stivini, Mnyasa wa ziwani asiyejua hata Litembo kwetu iko upande gani, akamwambia, "Andika Ngolo."

Msalimie mama sana, mwambie mikono yangu sasa ina sugu kama zake. Msalimie kaka Filbert anayebaki na mashamba, na shangazi mpika togwa. Mpe pia salamu babu mlinzi wa kanisa, nami namwombea macho yake yapone. Mwambieni kila mmoja habari hii, lakini nyasi msizidondoshe.

Nimewaambia watu hapa kwamba huenda ukashuka baada ya mavuno. Mama Anjela, ambaye nyumba yake sasa ina bati jipya, anasema utalala kwake. Mzee Stivini anasema haiwezekani, kitanda ameshakichonga. Wamenuniana tangu Jumapili.

Ni mimi mwanao Gaudensia, ambaye mlango wake mwenyewe hana, na ambaye baba yake anagombaniwa na milango ya mlima mzima.