SIMU YA LANGONI ISIYOLIA SAA SABA MCHANA

CHAMA CHA WAKENYA WA KOMPAUNDI YA MIZEITUNI, AL-SUWAIDI, RIYADH

Kumbukumbu za kikao cha dharura, Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025, kibanda cha walinzi, kuanzia saa tisa na dakika kumi alasiri.

Waliohudhuria:
Risper, yaya, nyumba namba 6 (Mwenyekiti)
Maryann, mfanyakazi, nyumba namba 4 (Katibu)
Nahashon, mlinzi wa lango
Derrick, dereva wa ofisi
Winfred, mpishi, nyumba namba 9

Mgeni: Hezekiah, fundi wa simu, Al-Batha

Hakuwepo kwa udhuru: Fridah (yuko Jeddah na madam wake)

KUMB. NA. 1/11/2025: SABABU YA KIKAO
Mwenyekiti alieleza kwamba mudiri, yaani msimamizi wa kompaundi, amempa Nahashon hadi Jumapili asubuhi aeleze kwa nini hapokei simu ya langoni mchana. Asipotoa sababu, ikama yake, yaani kibali cha kuishi nchini, inayoisha mwezi huu haitahuishwa na atarudishwa nyumbani.

KUMB. NA. 2/11/2025: MALALAMIKO
Derrick alikiri kwamba ndiye aliyemwambia mudiri kuwa Nahashon hulala kazini, kwa kuwa alimkuta amefumba macho. Nahashon alijibu kwamba alikuwa akiombea chakula. Aliongeza: "Hiyo simu naiweka mapajani. Nitapokeaje simu ambayo hailii?"

Derrick alisema: "Inalia, mzee. Ni vile wewe unakoroma kuishinda."

Mwenyekiti alimtaka aondoe maneno hayo. Aliondoa "kukoroma". "Kulala" hakuondoa.

KUMB. NA. 3/11/2025: TAREHE
Katibu aliomba kusoma daftari lake binafsi. Chakula cha kuagiza cha madam wake hukwama langoni, naye ndiye hukaripiwa, kwa hiyo huandika kila simu anayopiga langoni, iliyojibiwa na isiyojibiwa. Lango halikujibu tarehe 26, 27 na 28 Oktoba, wala tarehe 2 na 4 Novemba, kila mara kati ya saa saba na saa saba na robo. Tarehe 29 hadi 31 Oktoba simu zote zilipokelewa.

Winfred aliuliza nani hakuwepo siku hizo tatu. Ilikumbukwa kwamba Derrick alikuwa safarini Jeddah. Derrick aliuliza: "Sasa mimi na simu yenu tunahusianaje?"

Aliulizwa hufanya nini saa saba. Alijibu kwamba hupasha githeri yake ya mahindi na maharagwe kwenye maikrowevu ya chama, humu kibandani, na huchukua muda kwa sababu hutoka kwenye friza ikiwa imeganda.

Fundi Hezekiah alisimama ghafla na kuomba apewe nafasi.

KUMB. NA. 4/11/2025: MAELEZO YA FUNDI
Fundi alieleza kwamba simu zisizo na waya hazifanani. Zenye masafa ya megahezi 900 hufika mbali na hupenya kuta, ila za zamani hukwaruza, na jirani mwenye simu kama hiyo anaweza kusikia maneno yako. Za gigahezi 5.8 husikika safi, lakini kuta nene huzichosha upesi. Za 1.9 zimetengewa njia yao. Simu ya langoni ni ya 2.4. "Hiyo ni barabara ya Batha siku ya mshahara," alisema. "Waifai imo, maikrowevu imo, kila mtu anasukumana. Na kitako cha simu kiko ofisini, mbali. Maikrowevu ikiwaka hapa, mkono huu wa simu hausikii kitu."

Mwenyekiti alikumbusha kwamba maikrowevu ilinunuliwa kwa pendekezo lake, na kwamba ni mali nzuri. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 5/11/2025: JARIBIO
Winfred alitumwa nyumba namba 9 apige simu ya langoni, huku akiongea nasi kwa simu yake ya mkononi. Mara ya kwanza simu ya langoni ililia. Kisha kikombe cha maji kiliwekwa kwenye maikrowevu, nayo ikawashwa.

Kukawa kimya. Winfred alisikika akipaza sauti: "Huku inalia! Inalia, jamani! Mbona hampokei?"

Mkono wa simu ulikuwa mezani, umezungukwa na watu watano, wala haukutoa mlio. Maikrowevu ilipozimwa, simu ililia papo hapo. Wanachama walipiga kelele. Mwenyekiti alipanda juu ya kiti. Jaribio lilirudiwa mara tatu, mara moja kwa kuthibitisha, na mbili kwa furaha.

KUMB. NA. 6/11/2025: MAAZIMIO
(a) Maikrowevu ihamie chumba cha madereva leo hii.
(b) Mudiri aombwe simu ya 1.9.
(c) Jumapili saa mbili asubuhi maikrowevu irudishwe kibandani kwa muda na jaribio lifanyike mbele ya mudiri. Derrick alete githeri yake iliyoganda na abonyeze kitufe yeye mwenyewe. Azimio hili lilipendekezwa na Derrick.

Derrick aliomba pia iandikwe kwamba "kulala" ameliondoa. Alimgeukia Nahashon: "Mzee, niliona macho yamefumba nikajaza mengine. Nisamehe." Nahashon alijibu kwamba amesamehe, na kwamba siku ile aliiombea pia githeri, kwa jinsi ilivyonukia.

KUMB. NA. 7/11/2025: KUFUNGA
Kikao kilikatizwa saa kumi na dakika ishirini na simu ya langoni. Nahashon aliipokea kabla ya mlio wa pili. Alikuwa Winfred, bado yuko nyumba namba 9, akiuliza kama anaweza kurudi.

Sahihi: Risper, Mwenyekiti
Sahihi: Maryann, Katibu