Vitunguu vya Wifi Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Ruaha Mbuyuni tuko wazima. Babu yako amepona kikohozi, ameanza tena kulalamikia chumvi. Umeniuliza kutoka chuoni Mbeya kama mimi ambaye sikusoma sana naielewa sayansi. Ngoja nikuambie habari ya wifi yangu Tuli.

Nilipoolewa, vitunguu vyangu vilikuwa vinaoza ghalani, vyake havikuoza. Mama mkwe akawa anamsifu mbele yangu. Wivu ulinikaba, nikasema anatumia dawa ya mganga. Nilipomchungulia, nikaona anavianika kivulini na majani yake mpaka yakauke. Mimi nilikuwa nakata majani mabichi.

Sikutaka kuamini. Msimu uliofuata nusu ya mavuno nikaanika kama yeye, nusu nikafanya kwa njia yangu, nikaviweka ghala moja. Nikamwomba Mungu njia yangu ishinde.

Vya njia yangu ndivyo vilivyooza. Nililia kwa hasira, halafu nikaanza kuanika kama Tuli. Nadhani sayansi ndiyo hiyo, mama: kukubali jibu hata likimpendelea mtu anayekuudhi.

Tuli anakusalimu. Vitunguu vyake bado vinadumu kuliko vyangu. Kuna kitu hajaniambia, na msimu huu namchungulia tena.

Bibi yako