Nilijibu "Kwetu Hakuna"

Wodi ya Watoto Njiti,
Benchi la nje.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Waendeleaje huko? Shemeji kikohozi kimemwachia? Na goti lako, bado linagoma ukipanda ngazi? Mimi mwili mzima, moyo ndio unaoumwa.

Binti yangu, mwanao, amejifungua. Najua ulikuwa ukihesabu mwezi wa tisa, hata sisi. Mtoto amekuja na miezi sita tu. Ni wa kiume, gramu mia nane. Pakiti ya kilo ya sukari inamzidi. Uso umejaa makunyanzi, basi wauguzi wanamwita Babu. "Babu kaamkaje leo?" wanauliza, nasi tunacheka kidogo.

Yumo kwenye mashine ya joto, mpira puani. Mama yake anakamua maziwa kila baada ya saa tatu, na hayajai hata kijiko. Jana Babu aliacha kupumua mara mbili wakamshtua. Daktari kasema tusijipe matumaini.

Sasa dada, nina la kukiri. Kliniki ya kwanza nilimsindikiza mimi. Muuguzi akauliza, "Kwenu kuna aliyewahi kujifungua kabla ya siku?" Binti hakujua kitu, akanitazama. Nikajibu, "Kwetu hakuna." Wale wawili wako uliowapoteza, mama alisema tuwaambie watu ulikuwa na homa tu, nawe ukaniapisha. Miaka ishirini na minane sijafungua mdomo, na nilijiona mwaminifu kweli kweli.

Jumamosi daktari aliuliza tena, nikasema. Akaweka kalamu chini. Kumbe wangejua mapema wangempima mlango wa kizazi, na wakiuona umelegea wangeutia uzi. "Pengine mimba ingeshika," alisema. Hiyo pengine ndiyo inayonila. Mficha uchi hazai; mimi niliuficha wako, na anayelia ni binti.

Alikuwa pale pale, akasikia yote. Tangu siku hiyo ananipa kikombe cha maziwa nikipeleke ndani, basi, neno hakuna. Sikulaumu, dada. Ulimi ulikuwa wangu.

Leo asubuhi ndipo aliponisemesha. "Mama mkubwa aliwapa majina?"

Nilikuwa nawe mara zote mbili, zile shuka nilizifua mimi, wala sikuwahi kukuuliza.

Msalimu shemeji, na wifi yako fundi cherehani. Mungu akushike mkono, nasi asituache.

Ila usinijibu mimi. Mwandikie yeye, kwa mkono wako, umwambie walikuwa wadogo kiasi gani na uliwaitaje. Fanya hima, dada. Wa kwake bado hana jina, na anasema hataki mwanawe aondoke akiitwa Babu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba