Kwa Baba Yetu Paskali Mughwai, Mtunza Korongo

Baba, leo mwaka umetimia tangu ututoke, tarehe 9 Machi 1976, katika chumba chako kando ya banda la ndege, Singida mjini.

Ulianza kazi mwaka 1962 katika bustani ya ndege ya Bwana Badrudin. Hukuwa umeisomea. Uliwatazama tu wale korongo wenye taji, ukaandika katika daftari nani anapenda nini: mtama, uwele, mchwa uliowachimbua mwenyewe kila asubuhi. Wageni wa Jumapili walikuuliza maswali yaleyale, nawe uliwajibu wote taratibu, hata walevi.

Mwaka ule wa kwanza tajiri alikuagiza uwakate makinda walioletwa kutoka porini ncha ya bawa moja, wasiweze kuruka maisha yao yote. Ulikata. Hukutuambia mpaka tulipokuwa wakubwa.

Bwana Badrudin alipohama nchi, bustani ikawa ya umma, nawe ukabaki. Mwaka 1974 serikali ikatuhamishia sisi na mama katika kijiji cha ujamaa, Issuna. Uliomba likizo uje kutujengea nyumba, ukaambiwa utafute wa kukushikia kazi. Ukamwachia jirani yako Philipo, mtu mwema. Siku ya pili alisahau komeo, fisi akaingia, akaua korongo watatu. Wenye mabawa kamili wangeruka. Ulirudi mjini kabla tembe letu halijawekwa udongo juu. Mama na shangazi Marietha wakalimaliza. Hukumgombeza Philipo. Lakini tangu hapo hukulala Issuna hata siku moja.

Mama alikuletea unga kila mwezi. Mara moja alikuuliza mbele yetu, "Baba Esta, hivi hao ndege ndio mke mkubwa?"

"Mke ni wewe. Hao ni wakwe. Nimeshawakosea, siwezi kuwakimbia."

Mama alicheka, kisha akageuza uso. "Basi waage hao wakwe zako, uje Krismasi."

"Nikipata mtu."

Hukumpata. Tulikasirika, Baba. Yohana alikaa mwaka mzima bila kuja kukuamkia. Siku hizi hasemi tena kwamba ulituacha, ila bado inamuuma, nasi hatumwambii anyamaze.

Kifua kilipokubana ulikataa kulazwa. Issuna ulikuja siku ya kuzikwa.

Baada ya maziko mama alikwenda kuwalisha ndege kwa wiki mbili, hadi ofisi ipate mtu. Mpaka leo yupo hukohuko, katika chumba kilekile. Juzi Yohana alimfuata aje kwenye ibada yako. Akarudi peke yake. Korongo wametaga mayai mawili, mara ya kwanza tangu uanze kuwalea. Wanaatamia kwa zamu, na mama hathubutu kuondoka. "Niombeeni radhi kwa baba yenu," alimwambia Yohana. "Yeye atanielewa kuliko ninyi."

Kwa hiyo leo, Baba, kaburini tumesimama bila yeye.

Wanaokukumbuka ni mkeo Martha, aliyeko Singida. Wanao Esta na Yohana. Dada yako Marietha. Na Philipo, aliyetuomba jina lake liwepo.

Kila siku tutakayojaliwa, tutakukumbuka.