Askari Aliyenibeba Langoni

Nekesa mjukuu wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi hapa Endebess tu wazima. Nyanya yako amepona mguu, na mahindi yamebeba vizuri.

Umeuliza kama nilijuta kuketi kwenye lango la kambi ya mabomu ya nyuklia nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, maana wenzako wa kanisani wanakuita ufanye vilevile. Mama, acha nikusimulie ilivyokuwa.

Tulikuwa tumeketi tukiomba kimya. Askari mmoja akaniinua kama mtoto, akaninong'oneza, "Samahani, ndugu. Mimi pia huomba." Kwa ajili hiyo chuo kikanifukuza, nikarudi kwa baba kijijini Myanga bila shahada. Baba alikuwa ameshatangazia soko zima kwamba mwanawe atarudi daktari.

"Na hilo bomu, liliondoka?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

"Sasa ulikaa chini kwa nini?"

"Mungu amekataza kuua."

Hakunisemesha tena mpaka msimu wa kupalilia. Siku moja shambani akasimamisha jembe. "Yule askari uliyenisimulia, aliitwa nani?"

"Sikumwuliza."

"Si ungemwuliza! Mimi namwombea kila asubuhi bila jina."

Akaendelea kulima. Hadi leo sijaelewa kama alikuwa amenisamehe, au aliona askari ndiye mwenye shida kuliko mimi. Udaktari ulinipita, na bado unaniuma. Lakini nikiikumbuka asubuhi ile, siwezi kukwambia usiende. Kukwambia uende pia siwezi.

Amua wewe, mama. Lolote likikupata, hapa ni kwenu.

Babu yako,
Wafula