Nane Yangu, Tatu Yake

Jumanne, 4 Machi

Nimepasuliwa, nimerudi, niko hai! Paja la kushoto lina chuma ndani – sasa mimi na ghorofa ni ndugu. Fundi rangi namba moja mtaa mzima nimeanguka kutoka jukwaani nikiwaonyesha wasichana wa saluni ninavyopaka kwa mkono mmoja. Hilo naliandika hapa tu. Kwa wengine: ulikuwa upepo.

Kaja daktari mwanamke na makaratasi kibao. Nimembatiza Daktari Fomu. Anachunguza dawa za maumivu baada ya upasuaji. Ziko mbili, zote za ukoo wa mofini. Moja sanduku la bluu, moja la njano. Ndani ya lipi kuna ipi, hata sista hajui. Mimi njano. Kila baada ya saa nne tunataja namba, sifuri mpaka kumi. Maumivu yakizidi, unapata sindano ya nyongeza. Nikatia sahihi yangu ile ya mikia mitatu.

Sista akauliza, ngapi? Nikajibu kumi! Shule sikuwahi kupata kumi, hata kwenye kuchora. Nilidhani ni alama – mwenye kumi ndiye mgonjwa bora. Sista mbio. Nyongeza ikaingia kwenye mrija.

Halafu kitanda kikaondoka.

Jumatano, 5 Machi

Kweli kiliondoka. Polepole, bila kishindo. Ukuta wa wodi una krimu iliyopakwa ovyo, michirizi ya brashi inaonekana – aliyeipaka afungwe! Lakini jana ile krimu ilikuwa maziwa, na michirizi ilikuwa inatembea, na mimi natembea nayo. Feni inazunguka kama inafikiria jambo. Mguu upo, ila ni wa jirani. Maumivu yamekaa kwenye kiti cha wageni, yamekunja mikono, yanasubiri kuitwa. Sikuyaita.

Sista kanifafanulia: we kijana, kumi ni maumivu ya kupiga kelele, si mtihani huu! Wodi nzima ikacheka. Nami nikacheka.

Leo mchana nilikuwa nne. Nikasema nane. Nane ni namba ya watu wenye akili: haishtui, wala hainyimwi.

Alhamisi, 6 Machi

Kitanda cha pili yupo fundi cherehani, mzee, katolewa mawe ya nyongo, tumbo limeshonwa. Yeye ni bluu. Namwita Mzee Uzi usoni kabisa. Hucheka kwa pua tu, tumbo halimruhusu zaidi.

Akiulizwa namba: “Tatu, mama.” Asubuhi tatu. Mchana tatu. Sista akigeuka tu, Mzee anaitia kona ya shuka mdomoni na kuing'ata.

Nikamchokoza: Mzee, hiyo tatu umeishona vizuri, ila mshono unaonekana.

“Na nane yako, mjukuu wangu, inakupwaya.”

Nikavuta shuka mpaka kidevuni. Mimi!

Jumamosi, 8 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa juu.

Leo Daktari Fomu kapitia karatasi zetu hapa hapa miguuni mwetu, anamwambia sista: huyu wa njano nane kabla ya dawa, nane baada, haimshiki kabisa. Mzee wa bluu tatu tupu, raha mstarehe. Akaandika. Anaandika kwa herufi ndogo, nzuri, kama mtu anayeamini.

Nikajisikia vibaya kidogo. Watu watakaopasuliwa baada yetu watatibiwa kwa maneno ya waongo wawili. Lakini kidogo tu – nyongeza ilikuwa imeshafika, na dirisha lilikuwa limeanza kupumua.

Mzee kanikuta hali hiyo hiyo. Akasema taratibu, kama anapima kitambaa: mwanangu wa pili aliumia mgongo, akapewa dawa za aina hizi. Mgongo ukapona, yeye hakupona. Aliishia mitaani. Siku hizi hata sijui analala wapi.

“Ndiyo maana mimi ni tatu,” akasema. “Na wewe unavyoitazama ile saa ya ukutani, ndivyo alivyokuwa anatazama.”

Nikamwambia saa naitazama kwa sababu imepinda. Imepinda kweli!

Jumapili, 9 Machi

Mzee ana joto. Sista anamwambia, vuta pumzi mpaka chini, kohoa, ushikilie mto tumboni. Hawezi. Anapumua kama mtu anayenyata. Kifua kimeanza kujaa, sista kasema, na kikijaa kwa umri wake ni habari nyingine.

Hapumui mpaka chini kwa sababu inauma. Lakini fomu inasema tatu! Fomu haina masikio.

“Mficha uchi hazai,” nikamwambia.

“Nimeshazaa wanne, mpumbavu wewe.” Akataka kucheka. Akashindwa hata kwa pua.

Niseme? Nikisema wataniuliza, umejuaje? Nikianza kufunua ya mwenzangu, yangu itabaki imefunikwa na nini? Nikapata nyongeza ya saa nane mchana. Kitanda kikaondoka kama kawaida. Nikiwa huko juu nikageuka kumtafuta Mzee, nimwonyeshe maziwa. Hakuwepo. Kulikuwa na shuka lenye kona iliyoloa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema.

Daktari Fomu alipofika tu. Daktari, yule mzee anakudanganya, ile tatu ni tisa. Kasimama. Umejuaje?

Mwongo anamjua mwongo mwenzake, nikamwambia. Nane zangu zote ni nne. Nyingine tatu. Zote, tangu Jumatano.

Nilingoja matusi. Hakutukana. Alipiga mstari kwenye karatasi zangu, mmoja tu, mrefu, kwa rula. Ingekuwa afadhali anitukane. Sista kapita na trei ya saa nne asubuhi, kwangu hakusimama.

Sasa wako kwa Mzee, pazia limevutwa. Nasikia. Daktari hamuulizi namba. Anamuuliza, baba, unaogopa nini?

Kikohozi kimoja, kifupi, kinakatwa katikati.

Sasa Mzee anaeleza. Mwanawe. Mgongo. Mitaa. Daktari anasema siku chache, tukiwa tunapima, si sawa na yale. Mzee anasema maneno hayo aliyasikia. Halafu – nimesikia vizuri – anasema: nichomeni, lakini yule kijana ataje ukweli mbele yangu. Nikimwona anaiacha hiyo dawa, nitaamini inaachika.

Sijaombwa! Nani kanifanya mimi kielelezo?

Saa tano kasoro. Sijapata kitu tangu alfajiri. Paja linapwita mpaka kwenye meno, na jasho limeloanisha daftari. Sijui ni ngapi. Kwa mara ya kwanza nahesabu kweli na sijui ni ngapi.

Pazia linafunguliwa. Wananitazama wote watatu, Mzee kashika mto tumboni. Sista kauliza, ngapi? Nimenyoosha kidole kimoja, kwamba subiri, naandika