Nyongeza ya Vumbi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba kile kifua siku hizi kinakuachia usingizi. Mimi mwili haujambo. Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, ungenitania, tungecheka, kisha ningekata bila kusema nililokusudia. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe kitinda mimba akusomee, na Mama usimwambie kitu mpaka ufike mwisho.

Ukiulizwa binti yako anafanya kazi gani, huwa unajibu kwamba anapiga hesabu za serikali, na watu wanadhani nashika fedha. Ningekuwa nashika fedha, lile paa lisingekuwa linavuja mpaka leo! Kazi yangu ni hii: serikali ikitaka kulazimisha jambo la kuokoa maisha, tuseme taa za barabarani, idara yetu hupima kama faida inazidi gharama. Gharama ni rahisi, muuzaji anakutajia. Faida ndiyo shughuli, maana faida ni watu ambao hawatakufa, na lazima nayo iandikwe kwa fedha ili viwili hivyo vilinganishwe.

Mwaka huu tuliletewa machimbo. Naam, machimbo yenu. Swali lilikuwa kama kampuni ilazimishwe kufunga mitambo ya kunyonya vumbi kwenye kinu cha kusagia mawe. Baba, nilifurahi kama mjinga. Sikumwambia mtu kwamba baba yangu anafanya kazi kwenye kinu hichohicho, maana wangeninyang'anya kazi ile palepale.

Mkuu wa idara, ambaye sisi wa chini humwita Nukta kwa jinsi asivyosamehe hata nukta ya desimali, si mtu mbaya. Hakosi kuniuliza hali ya wazazi. Alinieleza kwa upole kwamba hatumwekei mtu yeyote bei, tunatazama tu watu hudai nini ili wakubali hatari ndogo ya ziada. Chukua wafanyakazi elfu wa kwenye kinu na elfu wa upande wa kupakia. Tuseme kwenye kinu kila mwaka wanakufa wawili zaidi. Wa kinu wanalipwa ile mnayoiita nyongeza ya vumbi. Jumlisha nyongeza za wote elfu, gawa kwa wale wawili, unachopata ndicho thamani ya uhai mmoja uliookolewa. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo, haina uchawi.

Sasa nyongeza yenu unaijua. Viatu vya maana hainunui. Kwa hiyo jibu lilitoka dogo, na mitambo ikaonekana ghali kuliko watu. Nilibishana mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia mwenye shida hachagui, anapokea anachopewa. Nilimwomba basi tuwaulize wafanyakazi wangetoa kiasi gani ili vumbi lipungue, akasema huko nako watataja kidogo, kwa kuwa hawana cha kutoa. Nikaleta namba za nchi tajiri, akacheka, akasema kwa namba hizo tutafunga machimbo yote na nusu ya barabara. Kila nilikogeukia nilikuta ukuta. Mwisho akaniambia maneno ambayo bado yananichoma: "Watu husema mengi. Sisi tunaangalia walichokubali."

Nami namjua mmoja aliyekubali. Ulikuwa upande wa kupakia, salama salimini, mpaka nilipofaulu kwenda sekondari. Wiki ileile ukahamia kwenye kinu, ukarudi mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga, mimi na Mama tukakucheka mpaka machozi. Kwenye karatasi zetu mtu huyo anahesabiwa kama aliyeona uhai wake si ghali. Hakuna mahali pa kuandika kwamba alikuwa ananisomesha. Nilipatafuta, Baba, na kuna siku nilijifungia chooni nikalia.

Sasa tulia unisikilize. Ripoti ile nimeiandika mimi, na juzi nimeitia sahihi. Inasema mitambo isifungwe, hailipi. Ningekataa, wangeuliza kwa nini, na wakijua nilificha kwamba wewe ni baba yangu, kazi sina. Kazi ikiisha, dawa zako za kifua zinakatika, na kitinda mimba anarudi nyumbani kabla ya mtihani. Nikasaini. Vumbi utakalovuta mwaka ujao nimelipitisha mimi mwanao, kwa mkono uliousomesha wewe.

Ripoti inakwenda kwa waziri mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo naweza kuirudisha na kusema ukweli wote. Mimi nitafukuzwa, hesabu ataanza mwingine, na huenda naye akafika palepale. Au huenda asifike. Sijui. Silali.

Sikuandikii ili unisamehe, nakuandikia kwa sababu pua na mapafu ni vyako. Ila utakalojibu nalijua. Utaniambia nisithubutu kuchezea kazi yangu, kwamba wewe na vumbi mmeshakuwa marafiki, na utatia mzaha ili nisilie. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kufukuzwa, Baba, maana ukisema hivyo nitakutii, na moyoni nitashukuru. Nakuomba, safari hii moja tu, usikubali.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, na kitinda mimba mwambie dada yake anamkumbuka. Nasubiri neno lako.

Ni mimi,
binti yako mkubwa